Barua ya wauza magari kuhusu baridi: binti yangu anasaidiwa au anaibiwa?

Papa wa Nguba, Bukavu

Jambo ndugu wote,

Nawaandikia ninyi mlio ng'ambo kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumuuliza. Binti yangu wa tatu yuko Sherbrooke, Kanada, tangu Aprili. Mwezi uliopita alinunua gari lake la kwanza, la mtumba, kwa wauza magari wa mji huohuo. Sasa wamemtumia barua ndefu ya habari za msimu wa baridi, naye amenisomea yote kwenye simu. Abadilishe matairi yote manne. Apimiwe batri. Amwage maji ya kioo atie mengine. Gari lipulizwe mafuta chini. Matairi yajazwe naitrojeni badala ya upepo. Afungiwe kisanduku cha umeme cha kuzuia kutu.

Mimi nimeendesha miaka 31, malori na taksi, Kamanyola, Walungu, kote huko. Matairi ya gari lile nimeyaona kwenye video: meno yote yapo. Hapa kwetu mtu angeyatembeza miaka mitatu na bado akayauza. Tena nawajua mafundi: anafungua boneti kwa tatizo moja, anaifunga na matano. Niambieni kweli kabla mtoto hajatoa pesa, maana zikimwishia najua simu italia wapi.

Mama wa Bagira, Sherbrooke

Jambo Mzee,

Barua hiyo naijua, hutujia kila Oktoba. Ndani yake mna mchele na mna chuya. Ngoja nipepete.

Matairi hayana mjadala. Ni sheria ya Quebec, jimbo letu huku: kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi kila gari dogo lililosajiliwa huku liwe na matairi ya baridi. Polisi akimkuta bila hayo, faini ni dola 200 hadi 300, na gharama zinaongezwa juu. Lakini hata sheria isingekuwepo ningemwambia abadilishe. Wewe unatazama meno, Mzee, na kwa tope una haki. Huku shida ni mpira wenyewe. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri unakuwa kama ugali wa jana, haushiki kitu, hata ungekuwa na meno ya mamba. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini.

Atazame ubavuni mwa tairi: lazima pawe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake hazitoshi, ingawa wauza mitumba watamwapia kwamba zinatosha. Akinunua yaliyotumika apime kina cha meno. Sheria inakubali milimita 1.6, lakini huku tunashauriwa kuanza baridi na 4.8. Na ni yote manne. Ukiweka mawili tu mbele, mbele panashika na nyuma panakupita kwenye kona.

Asisubiri theluji ya kwanza kupiga simu, jamani. Mimi nilisubiri. Mwaka wangu wa kwanza niliamka nikakuta bustani nyeupe, nikapiga simu gereji, nikaambiwa nafasi iko baada ya wiki tatu, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeamka na wazo lilelile. Wiki tatu za basi, mtoto mgongoni, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kitenge cha kubebea kinavaliwa ndani ya koti.

Halafu akiweza, atafute jante (rimu) nne za mtumba, matairi ya baridi yakae juu yake moja kwa moja. Atalipa zaidi leo, ila kila Oktoba na kila Aprili kazi itakuwa kufungua nati na kufunga. Wauza magari hawaliandiki hili, kwa kuwa kung'oa na kuvisha tairi ndiyo ada yao. Watataka pia kumtunzia yale ya kiangazi kwa malipo. Kama ana chumba cha chini ya nyumba, ayalaze humo.

Batri: apime, ni dakika chache. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri batri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo mafuta ya injini yamekuwa mazito, injini inadai nguvu zaidi ya kawaida. Ndiyo maana batri iliyokuwa nzima Septemba inakufa Januari. Ile dawa yetu ya kuita vijana wa mtaa wasukume, aisahau. Gari ni otomatiki.

Maji ya kioo abadilishe mwenyewe, asilipie mtu. Anunue dumu lililoandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri, amalize kwanza yale ya kiangazi. Upepo wa matairi aupime kila mwezi, kwa kuwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka huondoa karibu paundi moja. Kutoka nyuzi 20 za Bukavu hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hesabu paundi 7.

Mafuta ya chini ya gari nayaunga mkono. Barabara humwagiwa chumvi miezi mitano, na chumvi inakula chuma kama mchwa. Apulizwe kila mwaka kabla ya theluji, lakini aulize bei sehemu mbili tatu. Ila asipake oili chafu kama madereva wa zamani, inachuruzika ardhini.

Sasa chuya. Naitrojeni: upepo tunaovuta bure tayari ni naitrojeni asilimia 78. Kisanduku cha umeme: mimi nilikataa, gari langu lina miaka tisa.

Ndugu wa Kadutu, Winnipeg

Naongeza dogo. Huku Manitoba tunachomeka gari kwenye umeme kama pasi. Mbele ya gari utaona waya wenye kichwa cha plagi unaning'inia. Siku nilipouona mara ya kwanza nilidhani jirani ana gari la umeme, kumbe ni hita ya kupasha injini. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, si usiku kucha, bili itamtoa machozi. Kama gari la binti lina waya huo, autumie siku za baridi kali.

Na jambo moja barua haikulisema: akikwama kwenye theluji injini ikiwaka, kwanza ashuke afukue bomba la moshi. Likizibwa, ule moshi usio na harufu unaingia ndani, na unaua. Awe na koleo, blanketi, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Papa wa Nguba, Bukavu

Aksanti sana, Mama. Aksanti, ndugu wa Kadutu. Kwenye mpira nimekubali kushindwa.

Ila kuendesha naona ni somo lilelile. Kushuka mteremko wa Ngomo wakati wa mvua hushuki kwa breki, unashuka kwa gia ndogo, mguu mwepesi, usukani bila papara. Anayekanyaga breki pale anakutana na bonde. Nimemwambia afanye hivyo, na akilazimika kufunga breki, apige-pige kidogo kidogo kama tulivyofanya kwenye malori.

Mama wa Bagira, Sherbrooke

Gia ndogo ndiyo, Mzee, hata otomatiki nyingi zina nafasi hiyo. Kupiga-piga hapana. Gari lake lina ABS, mtambo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, lenyewe linapiga-piga kuliko mguu wowote. Akanyage kwa nguvu, ashikilie, na pedali ikitetemeka asishtuke akaachia. Umwambie aje Jumapili baada ya misa, kuna uwanja mtupu nyuma ya kanisa. Theluji ikianguka tutamfundisha humo kabla hajaingia barabarani.

Papa wa Nguba, Bukavu

Atakuja. Miadi ya matairi amepata tarehe 4 Novemba, saa mbili asubuhi. Jante amepata kwa Mkongomani mwenzake anayehama. Kisanduku amekataa.

Naitrojeni alikuwa ameshalipa.