Kauboi wa mzee: The Searchers ya 1956, nichukue DVD, Blu-ray au 4K?

Mwana_Pangani
Wanajamvi habari za jioni. Naomba kujuzwa kabla sijatupa hela.

Mzee wangu yuko Tanga, ana miaka 74. Enzi za deki alikuwa na kaseti ya The Searchers, ile kauboi ya John Wayne iliyoongozwa na John Ford. Ilikuwa nakala ya nakala, aliletewa na rafiki yake baharia. Tuliiangalia mpaka mkanda ukachoka, ikawa kila Wayne akipanda farasi jangwani, kwenye kioo mvua inanyesha. Baadaye ukungu ukaimaliza kabisa. Juzi kwenye simu akaniuliza, "Hivi yule jamaa aliyemtafuta mtoto miaka mitano, huwezi kunipatia?" Mzee wangu si mtu wa kuomba vitu. Ukisikia ameomba, jua amelifikiria mwezi mzima.

Nimekuta njia nne. DVD ya mtumba ipo hapa hapa Dar, bei ya chipsi kuku. Kuna Blu-ray ya 2006, picha safi kuliko DVD. Kuna diski ya 4K, safi zaidi, iliyotoka Desemba 2024. Au nikodi mtandaoni, mdogo wangu ahangaike kuunganisha. Runinga ya nyumbani ni ya 4K, inchi 43, na kochi la mzee liko kama mita tatu kutoka kwenye kioo. Mashine ya kuchezea diski ni PS4, ile ya gemu ya mdogo wangu. Binamu anatoka Toronto mwezi ujao na begi lake lina nafasi. Nipeni mawazo.

Fundi_Deki
Mkuu, umefanya vizuri kutaja mashine. Wengi hununua diski kwanza ndipo wanauliza itacheza wapi. PS4 haisomi diski za 4K. Hata PS4 Pro haisomi, jina lisikudanganye. DVD na Blu-ray, basi. PS5 yenye mlango wa diski ndiyo inasoma zote.

Halafu kuna kanda, yaani diski hufungwa icheze kwenye mashine za eneo lake tu. Kwenye DVD sisi tuko kanda ya 5, Marekani na Kanada ni 1, Ulaya ni 2. Kwenye Blu-ray ramani inabadilika: Afrika na Ulaya ni B, Marekani ni A. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda. Hapa kwenye kanda ndipo watu wanapopigwa. Mimi mwenyewe niliuziwa DVD ya kauboi nyingine, muuzaji akaapa "inacheza zote", kufika nyumbani mashine ikaitema. Kurudi dukani naambiwa nimeikwaruza.

Na hili wengi hawalijui: ukipata DVD ya Ulaya yenye mfumo wa PAL, filamu itaisha mapema. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, PAL inakwenda 25, kwa hiyo wanaiharakisha. The Searchers ni dakika 119, kwenye PAL inashuka mpaka kama 114. Hakuna kilichokatwa, ila kila mtu anaongea haraka kidogo na sauti inapanda. Wayne na ile sauti yake ya gunia la mchanga anakuwa kama kijana wa kwaya.

Mjukuu_wa_Simba
Inchi 43, mita tatu, jicho la miaka 74? Mkuu, chukua DVD. Chenji mnunulie mzee miwani.

Bi_Kisauni
Hamjambo nyote. Wewe Mjukuu una utani mbaya, lakini kwa umbali una haki: kukaa mbali hivyo, Blu-ray na 4K hazitaachana sana. Ila kwa DVD huna haki hata kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Mnaikumbuka ile jioni kabla ya shambulio la Wakomanchi, wale wenyeji wa Amerika? Mwanga wote umekuwa mwekundu. Baba anachukua bunduki akijidai anakwenda kuwinda ndege. Mama anazuia taa isiwashwe. Binti mkubwa anaelewa ghafla, anapiga ukelele. Halafu Debbie mdogo, ndiye huyo mtoto atakayetafutwa, anatolewa dirishani akajifiche kwenye kaburi la bibi yake. Anakaa ameegemea jiwe, na kivuli cha Scar, chifu wao, kinamwangukia.

Kwenye kaseti yetu lile jiwe lilikuwa doa jeupe. Kwenye DVD nikaona kuna maandishi. Kwenye Blu-ray nikasimamisha picha nikasoma: Mary Jane Edwards, aliyeuawa na Wakomanchi, 12 Mei 1852, mke mwema na mama, katika mwaka wake wa 41. Hadithi inaanza 1868. Bibi yake Debbie ndiye mama yake Ethan, yule anayechezwa na Wayne! Na hakuna mtu anayelitamka filamu nzima. Miaka yote hiyo nilimhesabu Ethan kuwa mtu wa roho mbaya tu, anayewachukia Wakomanchi kama mtu anavyochukia nyoka. Kumbe chuki yake ina jina na tarehe, na tarehe yenyewe imepita mbele yangu kila mara nikiwa nakunywa chai. Sikumpenda zaidi. Ila nilirudisha mwanzo nikamtazama upya: anavyonyamaza mezani, anavyomkodolea macho Martin, kijana aliyelelewa humo nyumbani, kwa sababu ana damu ya Kicherokee, kabila jingine la wenyeji.

Basi asiniambie mtu kwamba picha safi ni mbwembwe.

Mwana_Pangani
Bi Kisauni umenimaliza. Nimeiona filamu hii labda mara hamsini na sikujua pale kuna cha kusoma.

Dogo_Bando
Kwani si ukodi mtandaoni yaishe? Diski za nini zama hizi.

Fundi_Deki
Dogo, bando la mzee litaisha kabla Ethan hajashuka farasi. Na ukikodi huwa unapewa saa 48 toka ubonyeze. Wazee wanaangalia robo leo baada ya isha, robo keshokutwa.

Nahodha_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Ninayo 4K, na Blu-ray ya 2006 ninayo pia, kwa hiyo naongea kwa macho yangu.

Kwanza mjue kwa nini filamu hii inafaidi kuliko wenzake wa rika lake. Ilipigwa kwa VistaVision. Kwenye kamera ya kawaida ya milimita 35 mkanda unashuka wima, kila picha inakula matundu manne ya pembeni. VistaVision waliulaza mkanda, ukapita kwa ubavu, kila picha ikala matundu manane. Eneo la picha likawa karibu mara mbili. Mpiga picha alikuwa Winton Hoch, na yule bwana hakuwa na haraka na mawingu. Kwa hiyo utajiri wote ulikuwemo kwenye negativu tangu 1956, sisi ndio tulikuwa tunachungulia kwa tundu la ufunguo. Toleo la 2024 limetoka kwenye negativu hiyo iliyoskaniwa upya.

Kwa macho yangu ile ya 2006 ina umanjano, kama picha iliyochovywa kwenye chai ya rangi. Ya 4K mchanga ni mwekundu kweli na anga ni la buluu. Lakini kinachoniua mimi ni mlango wa mwanzo. Kioo kinaanza na giza la ndani ya nyumba, na kwenye 4K ni giza hasa, hulioni hata pindo la gauni. Mlango unafunguliwa, mama anatoka, na bonde la Monument Valley linakupiga usoni mpaka unakunja jicho. Kwenye DVD ni mlango tu umefunguliwa.

Mengine ya haraka: usinunue spika kwa ajili ya hii, sauti ni mono, ya njia moja tu, kama ilivyotoka. Na kwenye runinga zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo, la sivyo Ford atageuka tamthilia ya Kituruki.

Mzee_Momela
Vijana, mimi nitawapinga kidogo. 4K inavua watu nguo. Zile sehemu za usiku, wameketi kwenye moto, zilipigwa studio. Kwenye DVD unazimeza bila kutafuna. Mwanangu aliponiwekea 4K nikaona mwamba wa kuchonga na pazia la rangi nyuma yake, nikajikuta natazama ufundi wa seremala badala ya watu. Blu-ray ya 2006 inaonyesha ya kutosha na inasitiri ya kutosha. Tena ina mwongozaji Peter Bogdanovich anayezungumza juu ya picha toka mwanzo hadi mwisho, na Bogdanovich alimjua Ford ana kwa ana.

Jambo ambalo halihitaji 4K: mwisho kabisa Wayne amebaki nje ya mlango, anaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ile ilikuwa staili ya Harry Carey, kauboi wa sinema za kimya aliyefanya kazi sana na Ford. Carey alikuwa ameshafariki. Mwanamke anayecheza mama Jorgensen, aliyetoka kupita mlango ule dakika hiyo hiyo, ni Olive Carey, mjane wake. Na anayecheza kijana Brad ni mtoto wao. Mimi pale huwa natafuta leso.

Wayne mwenyewe huku kwetu Arusha tunamkumbuka kwa lingine, alikuja Tanganyika kucheza Hatari! ya Howard Hawks iliyotoka 1962, wanakimbiza faru kwa magari. Kila mzee wa Meru ana hadithi yake ya Wayne na nusu ni chumvi. Ila hiyo inataka uzi wake.

Mwanakijiji_Kritiki
Wakuu mnasifia rangi ya mchanga, naomba nitie ndimu. Scar anachezwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, na kadiri picha inavyosafishwa ndivyo macho yake ya buluu yanavyoonekana. Wakomanchi wengine ni Wanavajo wa pale pale bondeni, wanaongea Kinavajo. Texas yenyewe iko wapi? Miamba ile iko mpakani mwa Utah na Arizona.

Lakini kubwa kwangu ni Look, yule mwanamke ambaye Martin anamwoa bila kujua, akidhani ananunua blanketi. Martin anampiga teke anabingirika mtelemko mzima. Kwenye banda la video kwetu Morogoro hapo banda zima linaangua kicheko, nami nikiwemo. Baadaye anakutwa amekufa, wanajeshi wamepita kambini. Kwenye kaseti yeye alikuwa kitu kinachobingirika. Nilipoiona Blu-ray niliuona uso wake kabla ya teke, na kicheko kikanikwama.

Bi_Kisauni
Hapo nakubali nawe moja kwa moja. Filamu inakuchekesha naye halafu inakutandikia maiti yake, na wakati wa kaseti mimi nilichukua kicheko tu. Sijawahi kuwaonyesha wajukuu sehemu hiyo bila kusimamisha tukazungumza.

Mwana_Pangani
Asanteni sana. Naona DVD imeshakufa, na kukodi kumezikwa. 4K moyo unaitaka, ila PS4 haitaki, na kumnunulia mdogo wangu PS5 kwa kisingizio cha mzee ni mtego ninaouona. Swali moja kwa Nahodha: binamu akinunua hiyo Blu-ray ya 2006 huko Amerika, kanda haitanigomea?

Nahodha_Maskati
Yangu ilinunuliwa Marekani na inacheza kwenye mashine ya kanda B bila kugoma. Hiyo haikufungwa. Mwambie binamu aangalie kasha liwe la Blu-ray, maana mwaka huo huo ilitoka DVD pia na picha za juu zinachanganya.

Mwana_Pangani
MREJESHO.

Wakuu, wiki sita zimepita, niliahidi na nimerudi. Binamu aliibeba, nikaipeleka Tanga mwenyewe Ijumaa iliyopita. Mdogo wangu akaondoa gemu lake la mpira kwa manung'uniko, tukazima ile kulainisha mwendo kama Nahodha alivyosema.

Mzee alikaa kwenye kochi lake. Mlango ulipofunguka akasema "Ee", basi. Nilikuwa nimejiapiza nisimwambie lolote. Tulipofika kaburini nikabonyeza kusimamisha, nikajifanya natafuta chaja. Akatazama. Akainuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole chini ya mstari kama anavyosoma barua za ardhi, akausoma wote kwa sauti. Akarudia mwaka: 1852. Akahesabu kwa vidole. Kisha akakaa kwenye stuli ya mama, palepale mbele, hakurudi kwenye kochi tena. Kwa hiyo hesabu zenu za mita tatu ziliishia hapo, alimaliza filamu akiwa hatua moja kutoka kwenye runinga.

Ilipoisha ilikuwa saa nne na nusu usiku. Akanigeukia akasema, "Rudisha mwanzo." Mdogo wangu akaenda kulala.

Mjukuu_wa_Simba
Kumbe miwani alikuwa nayo.

Mwana_Pangani
Alikuwa nayo mkuu. Ilikuwa mfukoni muda wote.