Kisu cha kukunja cha kubeba kila siku: Opinel namba 8 au Victorinox?

Mgeni wa Ghalani
Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri kuhusu kisu cha kukunja cha kukaa nacho mfukoni siku zote. Nafanya kazi ghalani, na mchana kutwa ninakata kamba za plastiki na kufungua maboksi. Nimebakiwa na viwili: Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye mpini wa mti na bapa la sentimita 8.5, na Victorinox ya Uswisi yenye mpini wa milimita 91. Nimesoma mpaka macho yameuma na bado sijaamua.

Fundi Seremala
Nimetumia vyote viwili kwa miaka mingi. Bapa la Opinel ni jembamba na linakata kwa wepisi, na ile bangili ya chuma shingoni, iliyoanza kuwekwa mwaka 1955, ukiizungusha bapa halikurudii vidoleni. Udhaifu wake ni mti, kwa sababu ukilowa unavimba na kisu kinakuwa kigumu kufunguka. Bapa la Victorinox halina kizuizi cha namna hiyo, kwa hiyo ukisukuma kwa ncha linaweza kukukunjikia. Kwa kamba za plastiki ningechukua Opinel.

Mama Zuhura
Marehemu baba yangu alikuwa na kisu cha kukunja alichokipata melini, na kila jioni alitumenyea machungwa barazani, ganda likitoka mzima kama utepe. Hakuwahi kumpa mtu kisu kikiwa wazi. Alikikunja kwanza, ndipo akakitoa kwa mkono wa kulia. Kisu kinataka adabu, wanangu.

Wakili Mstaafu
Kijana, hujasema uko nchi gani, na jibu lote linategemea hapo.

Mgeni wa Ghalani
Niko Uingereza, karibu na Birmingham. Sikuona kama jambo hilo linahusiana na ubora wa chuma.

Wakili Mstaafu
Linahusiana sana. Kwa kifungu cha 139 cha sheria ya jinai ya mwaka 1988, kisu unachoruhusiwa kubeba hadharani bila kuulizwa sababu ni cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Mahakama zao zilishaamua kwamba bapa linalojifunga likiwa wazi halihesabiwi kuwa la kukunja. Opinel namba 8 inashindwa kwa urefu na kwa bangili yake, ilhali Victorinox hiyo inapita kwa yote mawili. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 4.

Mgeni wa Ghalani
Nakushukuru, mzee wangu, lakini sheria hiyo hiyo inakubali sababu ya kazi. Isitoshe, Opinel nimeshailipia.

Fundi Seremala
Kumbe ulishanunua! Hebu tueleze, hilo ghala haliwapi vikatio?

Mgeni wa Ghalani
Wanatupa, na tunavirudisha mlangoni tunapotoka. Basi niseme ukweli. Mwezi uliopita, nikitoka kazini saa tisa usiku, vijana wawili walinivamia kituo cha basi wakachukua simu na koti. Tangu siku hiyo natetemeka nikisikia hatua nyuma yangu. Sitaki kumdhuru mtu. Nataka tu nijue kwamba nina kitu mfukoni.

Wakili Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Hata hivyo, maneno hayo ukimwambia askari, hata Victorinox haitakuokoa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1953 inakihesabu kuwa silaha kitu chochote ulichokibeba kwa nia ya kumjeruhi mtu, hata kama ni kwa kujilinda. Kituo cha basi usiende nacho.

Mdadisi
Samahani, mimi nina shaka. Mwanzoni alifanya kazi mchana kutwa, sasa anatoka saa tisa usiku. Alikuwa anachagua, kumbe amelipa. Nadhani kisa hiki kimetungwa.

Mama Zuhura
Mdadisi, mtu aliyeogopa hapangi maneno yake kama karani. Mwache aseme.

Mgeni wa Ghalani
Sijatunga. Nilikuwa zamu ya usiku, na baada ya tukio hilo nikaomba mchana. Wiki ijayo narudishwa usiku, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Nilificha kwa aibu, maana mtu mzima kulia kituoni si jambo la kusimulia. Mwenzangu wa zamu ana gari na amekubali kunishusha nyumbani. Opinel imefika leo, nami nimeiweka jikoni. Nimekatia limau, na bapa tayari lina madoa meusi. Nimeiharibu?

Fundi Seremala
Hujaiharibu, kaka. Hicho ni chuma cha kaboni, na asidi ya limau hukitia weusi. Ni kutu nyekundu tu ndiyo ya kuogopa. Kioshe, kikaushe saa hiyo hiyo, upake tone la mafuta ya kupikia, na usikiloweke kwenye beseni la vyombo.