MREJESHO: Kutenganisha akaunti ya kazi na ya maisha binafsi

Wakuu, nimerudi. Mimi ni yule wa uhasibu mwaka wa tatu, niliyewauliza nifanyeje: natafuta nafasi ya fildi, na jina langu ukiliandika Google kinachotangulia ni mimi nacheza singeli kwenye kigodoro.

Asanteni sana. Nilimsikiliza aliyesema nisifute, nifiche. Instagram picha kama 200 nimezipeleka akaivu, jina nimeweka la utani. Facebook kuna mpangilio wa kufanya posti zote za zamani zionwe na marafiki tu. Dakika mbili, kwisha. LinkedIn nimefungua kwa majina ya cheti, na picha ya shati jeupe tuliyopigia hosteli, ukuta wenyewe ni shuka (ukikuza mikunjo inaonekana).

Ushauri wa kuposti LinkedIn kila siku ulinishinda wiki ya kwanza tu.

Kilichogoma kabisa ni ile video ya singeli, ya TikTok. Niliifuta, kumbe watu walishaipakua, bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwenye usaili kaka mmoja akaniuliza, "Wewe si yule wa singeli?" Nikacheka, nikakubali. Naanza fildi Jumatatu.