Mdogo wangu anaona alama za kishetani kwenye kila muvi, nimsaidieje?

Kisima (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na tafadhali tusilete mzaha maana jambo lenyewe linaniumiza.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Kijana wa dini, anasoma sana, si mtu wa kudanganyika ovyo. Siku hizi anafuatilia video za wale wanaochambua filamu na kufichua "ajenda". Sasa hatuwezi tena kumaliza filamu tukiwa pamoja. Muigizaji akifunika jicho moja, anasimamisha. Pembetatu ikionekana ukutani, anasimamisha, anarudisha nyuma, anapiga picha skrini. Anasema kila filamu kubwa ni ibada, na anayetazama ameshaingizwa bila kujua.

Sitaki kumwambia yote ni upuuzi, kwa sababu siamini hivyo. Filamu zimetumika kuwapotosha watu, hilo liko kwenye historia. Na zipo filamu zenye maana ya kidini ambayo huioni mara ya kwanza. Sasa mpaka uko wapi? Nikikaa naye, tutazame nini?

Fundi Uhariri

Dada, umefanya jambo la maana kutompuuza. Shaka yake ina msingi. Tatizo ni mahali anapoielekeza.

Chukua Jud Süß, filamu ya Ujerumani ya Wanazi ya mwaka 1940. Humo usitafute alama ya siri. Ni hadithi ya karne ya 18, mavazi mazuri, waigizaji hodari, mtawala mpenda anasa, mshauri wake Myahudi, na binti anayedhalilishwa na huyo mshauri. Mtazamaji analia kwa ajili ya binti, na akitoka amebeba chuki dhidi ya kabila zima akidhani ni huruma. Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi, aliagiza askari wake na polisi waitazame. Kila kitu kilikuwa wazi pale kwenye skrini: kamera inamsogelea nani, nani anapewa mama na mchumba na machozi, nani anaonyeshwa kama tishio tu.

Hata The Birth of a Nation ya mwaka 1915 ni hivyo hivyo. Iliwafanya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani, mashujaa wanaokuja na farasi kuokoa watu, na mwaka huo huo kundi hilo, lililokuwa limekufa, likafufuliwa.

Kwa zama zetu, mwambie asizime filamu majina yanapoanza kupita mwishoni. Mtayarishaji akitaka ndege za kivita au manowari za jeshi la Marekani, Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, husoma mswada kwanza na inaweza kutaka mabadiliko kabla ya kukubali. Top Gun ya mwaka 1986 ilitengenezwa kwa ushirikiano na jeshi la majini. Ukiona jeshi linashukuriwa pale mwishoni, umeshajua ni picha gani ya jeshi isingeweza kuonyeshwa.

Na siri za kweli zipo pia. Katuni ya Animal Farm ya mwaka 1954 iligharimiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, bila watazamaji kujua. Kitabu cha Orwell kinaishia wanyama wakichungulia dirishani nguruwe wanaowatawala wakiwa mezani na binadamu: wanatazama nguruwe, wanatazama binadamu, hawaoni tofauti. Kwenye katuni binadamu hawapo mezani, na wanyama wanainuka kuwapindua nguruwe. Lakini angalia mambo haya yalivyojulikana: kwa nyaraka na kwa maneno ya waliohusika. Hakuna aliyeyagundua kwa kuzungushia pembetatu duara jekundu.

Mlinzi wa Lango

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila natofautiana naye kidogo, kwa sababu akina sisi huwa tunafanywa kama tumepungukiwa akili.

Ushirikina kwenye filamu si ndoto. Kenneth Anger, Mmarekani, alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Aleister Crowley, Mwingereza aliyefundisha uchawi, akatengeneza filamu fupi akiwa na nia hiyo hiyo. Moja inaitwa Lucifer Rising. Hakuificha imani yake. Kwenye The Exorcist ya mwaka 1973 sura nyeupe ya pepo inaruka kwenye skrini kwa sehemu ya sekunde kisha inapotea. Waliiweka makusudi.

Kwa hiyo, dada, kijana akikwambia "hii siitazami", mwachie. Mtu wa imani ana haki ya kuchagua kinachoingia machoni mwake, na hahitaji kukuletea ushahidi wa njama ili apewe haki hiyo.

Binti Ustadhi

Mlinzi, hapo mwisho niko nawe kabisa. Kukataa kutazama ni jambo la dhamiri. Kumwambia mwingine kwamba mchoraji fulani anaabudu shetani ni shutuma, na shutuma inataka ushahidi.

Nizungumzie alama, maana ndipo vijana wengi wanapokwama. Jicho ndani ya pembetatu lilichorwa na Wakristo wa Ulaya kumaanisha Mungu wa Utatu aonaye yote. Marekani ililiweka kwenye muhuri wake wa taifa mwaka 1782, likafika kwenye noti ya dola moja mwaka 1935. Iluminati wa kweli, kundi la siri, walianzishwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1776 na Adam Weishaupt, na serikali ikawapiga marufuku miaka ya 1780. Nembo yao ilikuwa bundi. Msalaba uliopinduliwa? Mapokeo ya Kikristo yanasema Petro alisulubiwa kichwa chini, ndiyo maana unaitwa msalaba wa Petro. Yule mbuzi mwenye mabawa anayeonyeshwa kila mahali ni mchoro wa Mfaransa Éliphas Lévi wa miaka ya 1850.

Sisemi alama hizo kwenye filamu hazina kitu. Mwongozaji wa filamu ya kutisha akipindua msalaba anajua utaogopa, na hakukusudia kumtukuza Petro. Ninachosema ni kwamba alama inapata kazi yake ndani ya hadithi. Swali la kumuuliza mdogo wako: ukiitoa alama hiyo, kuna kitu kinabadilika?

Mfano wa maana ya dini iliyopandwa kweli: The Matrix, 1999. Ndani ya meli ya wahusika wakuu kuna kibao cha chuma, kamera inakipita haraka. Kimeandikwa jina la meli, Nebukadreza, na juu yake "Mark III No. 11". Fungua Marko 3:11. Pepo wachafu wanamwona Yesu, wanaanguka, wanapiga kelele kwamba yeye ni Mwana wa Mungu. Sasa soma na mengine: mji wao unaitwa Sayuni, mwanamke anaitwa Trinity, yaani Utatu, shujaa anakufa na kurudi, na Nebukadreza wa kitabu cha Danieli ni mfalme anayesumbuliwa na ndoto. Vipande vinaungana vyenyewe, huhitaji kuvilazimisha. Uzito wa dini ulionekana hata kwa wakaguzi: Misri iliipiga marufuku sehemu ya pili mwaka 2003.

Kisima

Asanteni sana. Hicho kibao nitamwonyesha, atakipenda. Ila ana hoja moja sijaweza kuijibu. Anasema wanapenyeza picha kwa kasi ambayo jicho haliioni, na akili inatekwa.

Fundi Uhariri

Hoja hiyo ilianzia kwa James Vicary. Mwaka 1957 alidai amemulika maneno ya kuhimiza watu wale bisi na kunywa Coca-Cola kwenye ukumbi wa sinema New Jersey, kwa muda usioonekana, na mauzo yakapanda. Dunia ilitaharuki. Mwaka 1962 akakiri kwamba jaribio lake halikuwa na takwimu za maana. Watu walishika taarifa ya kwanza, ya pili haikusambaa.

Picha kupenyezwa hutokea. Mwaka 1999 Disney iliziondoa sokoni kanda za katuni yake The Rescuers, takriban milioni 3.4, baada ya kukutwa picha ya mwanamke aliye uchi kifuani kwenye fremu mbili, nyuma ya dirisha. Lakini kampuni haiwezi kuwa inaendesha ibada kwa picha hiyo halafu iiondoe yenyewe kwa hasara yake.

Mpita Njia

Naongeza moja tu, na ndilo linalonitisha zaidi. Tazameni hizo video za uchambuzi zinaishia wapi. They Live ya mwaka 1988 ni filamu ya John Carpenter kuhusu uroho wa mali na matangazo. Wanazi mamboleo wakaifanya eti inafichua Wayahudi wanaotawala dunia, hadi mwaka 2017 Carpenter mwenyewe akajitokeza hadharani kuwakana. Mdogo wako alianza kwa kutaka kumcha Mungu. Akiendelea na njia hiyo, siku moja ataambiwa nani wa kumchukia. Basi maswali ya Fundi ayaulize kwenye video zenyewe: muziki gani umewekwa chini ya sauti, kipande kimekatwa wapi, na anayesema anauza nini.

Kisima

Nimempa uzi huu ausome. Amekubali tutazame filamu moja ya propaganda inayojulikana bila kusimamisha, kwa sharti kwamba nami nitazame video moja anayoiamini yeye, tena mpaka mwisho, kisha tuulize maswali yale yale kwa zote mbili. Nimekubali. Mnapendekeza tuanze na ipi?

Fundi Uhariri

Battleship Potemkin ya Eisenstein, mwongozaji wa Kisovieti, 1925. Haina sauti ya watu, kwa hiyo utaona kazi ya mkasi waziwazi. Kila mtu anaijua kwa mauaji ya kwenye ngazi za Odessa. Watu waliuawa kweli katika mji huo mwaka 1905, ila mauaji yale ya ngazini kama yanavyoonekana ni utunzi wa Eisenstein, na wengi wanayakumbuka kama historia. Msirukie huko, anzeni mwanzo. Kuna nyama yenye funza, na daktari wa meli anaikagua kupitia miwani yake halafu anatamka kwamba si funza. Hapo ndipo mmuulize: kwa nini tayari umeshachagua upande?