Masomo ya jamii sekondari: mdogo wangu anataka udaktari, achukue lipi?

dada_mkubwa

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumebishana wiki nzima na hatujaelewana. Mdogo wangu anaingia sekondari ya juu, yeye ni udaktari tu tangu yuko mdogo, kwa hiyo baiolojia na kemia hazina mjadala. Sasa shule imewapa fomu, kila mwanafunzi lazima achague masomo mawili ya jamii, na orodha ina historia ya dunia, jiografia, uchumi, saikolojia, sosholojia na lingine la siasa na uraia. Ye anasema atachukua yoyote yale marahisi ili abaki na muda wa sayansi. Mjomba wetu ndo kabisa, anasema hayo yote ni kukariri miaka na majina ya wafalme, hayamsaidii daktari hata kidogo. Mi nilisoma uhasibu, huku kwingine sijui hata pa kuanzia, ila moyo wangu haukubali mtoto akae miaka miwili na somo alilolichagua kwa sababu tu kasikia ni rahisi. Kwa mtu wa udaktari lipi lina maana? Na hivi kweli kuna rahisi na gumu? Fomu inarudishwa Ijumaa.

mchora_ramani

Dada, jiografia. Na mwambie mjomba asome kisa cha John Snow, daktari, London, mwaka 1854. Kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho kikaua watu zaidi ya 600 ndani ya wiki chache tu, na madaktari wengi wa wakati ule walikua wanaamini ugonjwa unatokana na hewa chafu. Snow akazunguka nyumba kwa nyumba anauliza swali moja, maji mnachota wapi? Baadaye akaviweka vile vifo kwenye ramani, kila kifo kijistari kimoja cheusi, na vijistari vikarundikana kuizunguka pampu moja ya Broad Street.

Lakini mi kinachonigusa zaidi sio pale palipojaa, ni pale palipokua peupe. Kulikua na nyumba ya kutunzia maskini jirani kabisa na pampu, watu zaidi ya 500 ndani, waliokufa wachache mno, kumbe wana kisima chao. Halafu kuna mjane mmoja alikua anaishi Hampstead, mbali na pale, akafa kwa kipindupindu na huko kwake hakuna ugonjwa. Snow akafuatilia, akakuta huyo mama alishawahi kuishi Soho na aliipenda ladha ya yale maji kiasi kwamba alikua analetewa chupa kila siku. Hicho kifo kimoja kilicho mbali kilisema mengi kuliko vile mia vya karibu. Tarehe 8 Septemba wakaondoa mpini wa pampu. Mwenyewe Snow alikiri kwamba ugonjwa ulikua umeshaanza kupungua kwa sababu watu walikimbia mtaa, na mi namheshimu kwa kusema hivo.

Niliwahi kuombwa nikasaidie kipindi kimoja shuleni, tukawapa wanafunzi ramani tupu na orodha ya nyumba zenye vifo wakawa wanaweka nukta kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni malalamiko tu, inachosha, inachosha. Baadae binti mmoja akanyamaza, akaweka kidole kwenye karatasi, akasema "mbona zote zinakimbilia hapa?" Darasa zima likainuka kuja kuangalia. Hiyo ndo jiografia, sio kukariri mito.

mwl_wa_historia

Naunga mkono mchora_ramani ila na mimi nina la kwangu, na kwa heshima zote kwa mjomba, anaongelea historia ya mtihani mbovu. Nimefundisha historia muda mrefu, mwaka wenyewe ni msumari tu wa kutundikia hoja, hoja ndo somo.

Chukua mkutano wa Berlin, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, mataifa 14, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekaa mezani. Kila mtoto anakuja darasani akisema hapo ndo mipaka ya Afrika ilipochorwa. Nawapa mkataba wenyewe, tunausoma kipengele kwa kipengele, wanashangaa mipaka mingi haimo kabisa, mingi ilikuja baadae kwa makubaliano ya nchi mbili mbili. Wanachokikuta ni masharti ya kutangaziana ukitwaa sehemu mpya ya pwani, biashara huria bonde la Kongo, na kipengele cha 6 kinachoahidi kuboresha hali ya wenyeji na kupinga utumwa. Basi nauliza, nani kaandika, anamwandikia nani, na kwa nini aliona ni lazima sentensi hii iwepo? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivo hata umletee tangazo la dawa leo hawezi kulimeza hivihivi.

Na daktari kazi yake ya kwanza kabla hajagusa mwili wa mtu ni nini? Anachukua historia ya mgonjwa. Ilianza lini, nini kilitangulia, nani mwingine nyumbani anaumwa. Mgonjwa anaruka mambo, anachanganya siku, lingine anaficha kwa aibu. Ni kazi ileile ya kukaa na ushahidi wenye mapengo.

Ila nisimdanganye mdogo wako, historia ina kusoma kwingi na insha ndefu, kama kuandika ni mateso kwake atateseka kweli.

uchumi_damu

Fupi tu. Uchumi usiuruke. Mwaka 1963 mwanauchumi Kenneth Arrow aliandika makala kuhusu kwa nini matibabu hayawezi kuuzwa kama bidhaa nyingine, maana mgonjwa hajui ataumwa lini, na akishaumwa anayejua anachohitaji ni yuleyule anayemuuzia. Mpaka leo wanaosoma uchumi wa afya wanaanzia hapo. Daktari mwenye vitanda kumi na wagonjwa kumi na tano kila siku anafanya uchumi, atake asitake. Kama hesabu anaziweza, grafu hazitamsumbua.

binti_wa_saiko

Mi nilichukua saikolojia sekondari na nilienda kwa sababu hiyohiyo ya mdogo wako, niliambiwa ni rahisi, utajifunza kusoma mawazo ya watu. Hamna kitu kama hicho jamani. Mwezi wa kwanza wote ni jinsi ya kufanya utafiti, sampuli, kundi la kulinganishia, ridhaa ya mshiriki, wastani na mtawanyiko, nikataka kuhama. Nashukuru sikuhama.

Kilichonibakiza ni jaribio la Solomon Asch la 1951. Unakaa na watu kama saba hivi, mnaonyeshwa mstari mmoja kisha mitatu, mseme upi unalingana, yaani jibu mtoto mdogo analiona. Kumbe wale wengine wote wamepangwa, wanajibu kosa kwa sauti moja na wewe unajibu karibu na mwisho. Katika zile raundi za mtego, kama theluthi ya majibu yalifuata kosa la kundi. Robo hivi ya watu hawakuyumba hata mara moja. Mwalimu wetu akatuuliza, hebu fikirieni chumba cha upasuaji, daktari mkubwa kakosea upande na wadogo wote wameona, nani atafungua mdomo? Nilikaa na hilo swali siku nyingi.

Halafu hii iko wazi kabisa, ule mtihani wa MCAT wa kuingilia vyuo vya udaktari Marekani na Kanada tangu 2015 una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia pamoja na misingi ya kibaiolojia ya tabia, maswali 59, dakika 95. Kwa hiyo hoja ya kwamba daktari hayahitaji, wenye vyuo wenyewe hawaikubali.

nesi_wa_usiku

Nawasoma tu toka mwanzo. Jamani sosholojia, yaani somo la jinsi watu wanavyoishi kwenye jamii, mnaipita kama haipo na mi ndo somo ninalojuta sikulisoma mapema.

Kulikua na mama mmoja analeta mtoto kliniki, anaandikiwa dawa, siku ya kurudi harudi, anakuja wiki zimepita mtoto kazidiwa. Mara ya kwanza tukamsema, mara ya pili tukamsema, kwenye faili mtu kaandika "mzazi mzembe". Mara ya tatu nikakaa nae kwenye benchi nje, nikauliza pole pole, nyumbani nani anaamua mtoto akiumwa? Akasema mama mkwe, pesa na ruhusa ya kutoka viko kwake. Hatukuwahi kumuuliza. Tukamwita bibi, tukamweleza yeye dawa inavyotolewa, na tangu siku ile hawakukosa tarehe hata moja. Nilijisikia vibaya kwa lile neno la kwenye faili, nikalifuta kwa mkono wangu.

Na kwa ukubwa zaidi, Ebola ya Afrika Magharibi 2014. Watu walikua wanaficha maiti kwa sababu timu zinakuja na mavazi yale zinachukua mtu wao bila dua bila kuagwa. WHO ikatoa mwongozo mpya Novemba 2014 wa mazishi salama yenye heshima, na wanaanthropolojia, yaani wale wanaosomea mila na maisha ya watu, ni miongoni mwa waliohusika kuuandaa, familia ikapewa nafasi ya kushiriki bila kugusa mwili. Dawa haikua imebadilika hapo, kilichobadilika ni kuwaelewa watu. Mdogo wako akikutana na sosholojia au anthropolojia asiiogope.

dada_mkubwa

Asanteni sana, nimewasomea wote mezani jioni hii, kile kisa cha yule mjane na chupa ya maji mdogo wangu alinirudisha nikisome mara mbili. Mjomba hakujibu kitu, kauliza tu Broad Street iko wapi. Sasa swali langu la mwisho, yamebaki matatu, jiografia, saikolojia na sosholojia, na nafasi ni mbili. Tunapunguzaje?

mwl_wa_historia

Nimekubali historia imekosa, lakini namtakia heri. Msipunguze kwa majina, dada. Nendeni shuleni muombe vitu viwili kwa kila somo, karatasi ya mtihani uliopita na daftari la mwanafunzi wa mwaka wa mbele yake. Maswali yakiwa "taja" na "orodhesha" toka juu mpaka chini hata somo zuri litamchosha. Mkikuta "linganisha", "tathmini", "tumia data hii", hapo pana kazi ya akili. Na daftari litawaambia kama mwalimu anasahihisha kwa maneno au anaweka alama ya vema tu.

binti_wa_saiko

Kama ataenda saikolojia aulize pia kama wanafanya jaribio lao wenyewe. Sisi tulifanya la kumbukumbu, orodha ya maneno na muziki nyuma, matokeo yakatoka kinyume na tulichotegemea, na ripoti ya hilo kosa ndo kitu nilichojifunza kuliko vyote.

dada_mkubwa

Sawa mwalimu, sawa binti_wa_saiko. Kesho asubuhi naenda na mdogo wangu shuleni, nimeshampigia mwalimu wa taaluma akasema madaftari yapo. Jiografia ameshaiandika kwa kalamu ya wino, mstari wa pili kauacha wazi.