Tupeane uzoefu: hewa ya ndani ilishawahi kukufanya nini?

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu.

Julai ya mwaka juzi nilikuwa Njombe kikazi, nimepanga chumba kimoja na jamaa yangu. Baridi ya kule wanaoijua wanaijua. Tulisonga ugali nje, mkaa ukabaki mwekundu safi, hauna hata chembe ya moshi. Tukaona dhambi kuuzima. Jiko ndani, kanga tukaisokomeza chini ya mlango, tukalala.

Saa nane usiku naamka kichwa kinapasuka, nikadhani malaria. Nataka kusimama, miguu haina habari na mimi. Namwita mwenzangu, anakoroma mkoromo ambao si wa usingizi. Nilivyofika mlangoni sikumbuki. Nakumbuka saruji ya baridi shavuni, na komeo. Jirani aliyekuwa anatoka chooni ndiye aliyetuburuta nje.

Hospitali tukavishwa barakoa za oksijeni. Sasa sikilizeni hili: kale kamashine ka kubana kidoleni, kanakopima oksijeni kwenye damu, kalisoma asilimia 98. Nesi akasema huyu mbona mzima. Daktari akamwambia hako kamedanganywa, kaboni monoksaidi ikishaingia kwenye damu kenyewe kanaihesabu kama oksijeni. Na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Haina rangi, haina harufu. Inatoka kwenye mkaa ule ule tuliousifia kwamba hauna moshi.

Leteni za kwenu. Nyumbani, ofisini, popote. Za watoto tunazisikia sana, leo watu wazima tujisemee.

Binti Kirumba
Pole sana kaka. Yangu ni ya saluni. Fremu ya vioo, AC moja, dirisha hakuna. Mimi upande wa kucha: ule unga wa kubandikia na mashine ya kusugua. Ikifika saa kumi kifua kinabana, macho yanawasha, kichwa kizito. Nikameza dawa za mafua miezi mingi.

Aliyenishtua ni mama yangu. Akaniuliza, "Mbona Jumatatu huumwi?" Jumatatu ndiyo siku tunayofunga. Nikaanza kuandika kwenye daftari, kweli bwana: Jumanne jioni kinarudi, Jumapili usiku ndiyo kibaya zaidi. Nikaenda hospitali na lile daftari, na daktari wa kwanza kuniuliza nafanya kazi gani ndiye aliyenisaidia. Siku hizi meza yangu ipo barazani. Wateja wananung'unika joto, na wawili wamenihama. Waende tu.

Mtu wa Mbagala
Sisi huku baridi hatuijui, adui ni mbu. Nilikuwa nachoma dawa ya mduara kila usiku, mlango nimefunga. Asubuhi koo kama nimemeza msasa. Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliopima: mduara mmoja unatoa vumbi lile jembamba linaloingia ndani kabisa ya mapafu kiasi cha sigara 75 hadi 137. Na mimi najisifu sivuti! Nimerudi kwenye chandarua.

Ukuta Mweusi
Shikamooni wakubwa. Mama yangu pumu ilimwanza akiwa na miaka 52, ukoo mzima hatuna pumu. Tulihangaika mpaka siku tunahamisha kabati. Nyuma yake ukuta mweusi tii, ukungu umeota kama manyoya, ukigusa unatoka na vidole. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Mwenye nyumba akaleta fundi, fundi akaleta rangi. Rangi! Masika ilipoingia ukungu ukachungulia tena pale pale. Tulihama. Pumu haijaisha ila kile cha kuvuta sasa kinamtosha miezi, zamani kilikuwa cha wiki.

Dada wa Maskati
Nipo Oman, kazi za ndani. Huku madirisha ni pambo, AC usiku na mchana, na kila alasiri udi unafukizwa sebuleni mpaka humwoni mtu. Harufu naipenda, nimekulia Unguja, nisijifanye mgeni. Lakini Unguja tunafukiza madirisha wazi. Nilimwomba bibi wa nyumba nifungue la jikoni nusu saa. Alikataa wiki mbili, kisha kikohozi kikampata yeye mwenyewe.

Mzee wa Kopo
Mnazungumza kama vile mtu anapenda moshi. Serikali ilitoa mkakati 2024, ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Vizuri. Ila mkaa nanunua kopo moja leo, kesho Mungu anajua. Gesi yule wa dukani hanipimii ya jero, anataka hela ya mtungi mzima. Mtungi wangu wa kilo sita upo juu ya kabati, umevishwa kitambaa, tumeuwekea maua.

Mtu wa Mbagala
Mzee umeniua na hayo maua 😂 Mtoa mada, jiko lenu liliishia wapi?

Mtoa mada
Liko nje pale pale, mvua inalinyea. Jamaa yangu hataki hata kulitazama. Na tangu siku ile analala dirisha wazi, Njombe hii hii, mwezi wa saba. Blanketi tunagombania.