Utrasaundi inasema figo imejaa maji, sasa wanataka na CT scan. Kuna haja?

Mkwaju: Wakuu habari. Bi mkubwa analalamika kiuno upande wa kulia. Utrasaundi imesoma figo ya kulia imejaa maji, kuna kizuizi. Daktari wa upasuaji anasema hashiki kisu bila CT scan, na bima hailipi yote. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha nini basi?

Mpigapicha wa Ndani: Pole mkuu. Niko chumba cha CT, Mwanza, na swali hili naulizwa sana dirishani. Utrasaundi imewaambia bwawa limejaa, haijasema limeziba wapi. Katikati ya mrija unaoshuka toka figo hadi kibofu, hewa ya utumbo huficha mambo. CT huufuata mrija wote. Jiwe likionekana tunalipima: la milimita 4 mara nyingi hushuka lenyewe, la 10 si la kungojea. Tunapima na ugumu. Likizidi 1,000 kwa Hounsfield, kizio cha ugumu kwenye picha za CT, kulipasua kwa mawimbi kutoka nje mara nyingi hakufui dafu, afadhali daktari aingie na kamera. Na kama atapitia mgongoni, lazima ajue mapema iwapo utumbo mpana umekaa nyuma ya figo. Usiombe autoboe.

Halafu si kila kizuizi ni jiwe. Huku Kanda ya Ziwa kuna kichocho: mrija umesinyaa karibu na kibofu, ukuta wa kibofu una chokaa. Hapo hakuna jiwe la kutoa. Huenda mrija ukakatwa na kupandikizwa upya.

Mkwaju: Duh, amekulia kisiwani Ukerewe huyu. Na ile sindano ya dawa ya kung'arisha picha? Ana sukari.

Mpigapicha wa Ndani: Kutafuta jiwe tu, sindano haihitajiki. Inachomwa daktari akitaka kuona mrija wenyewe. Picha za mwisho tunapiga baada ya dakika kama 10, dawa ikishafika kwenye mkojo. Njoo na majibu ya kriatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, na useme kama anameza metformin, dawa ya sukari.

Nesi wa Zamu: Ana homa? Hamjasema. Mkojo uliofungiwa ukiingia wadudu unaua. Hapo ni hospitali usiku huohuo, mkojo utolewe kwanza kwa mpira unaofika kwenye figo. Mambo ya jiwe baadaye.

Mkwaju: Alfajiri alitetemeka sana, tukampa dawa ya malaria. Naita bodaboda... hapana, natafuta gari. Tunatoka.